Maua ya Chini

Kwetu Kawajense maua hayangoji mvua. Mwezi wa tisa ukiisha, vumbi jekundu likiwa limepanda mpaka madirishani na nyasi zimekauka hadi zinavunjika mkononi, ndipo uwanja wetu unapoanza kujipamba. Bogenvilia ya getini hutangulia, ikafunika uzio wa waya ambao kwa kweli unahitaji kufunikwa. Halafu karibu na jiwe la kufulia huchomoza ua jekundu la duara, kubwa kama mpira wa watoto, bila jani hata moja. Hakuna aliyelipanda, na hakuna anayekumbuka lilipo mpaka litokee tena. Wa mwisho ni mjakaranda. Huo hupukutisha majani kwanza, ukakaa kama mti uliokufa, kisha asubuhi moja unafungua mlango unakuta umegeuka zambarau kuanzia kileleni.

Mti huo aliupanda kaka yangu mkubwa mwaka aliozaliwa binti yake. Alipokuwa hai, kila maua yalipoanza kudondoka, yeye na mama yetu walianza ugomvi ule ule. Kaka alitaka yaachwe yatande chini. Mama alikulia kwenye kaya ya wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao, na kwao mwanamke hupimwa kwa uwanja wake.

"Mtu akipita barabarani atasema humu ndani hamna mwanamke," mama alikuwa akisema.

"Atasema humu ndani kuna mti," kaka alikuwa akijibu.

Na mama alifagia. Kaka alipofariki, hakuna aliyebaki wa kubishana naye, akaendelea kufagia.

Binti wa kaka alipochumbiwa na kijana wa Katumba, mtoto wa wakulima wa tumbaku, alinijia jikoni na ombi moja. "Shangazi, siku ya sendofu, mkiniaga, nataka nitoke mlangoni nikanyage maua ya baba. Basi. Hata keki msiponunua."

Ombi lilionekana rahisi. Tulipanga siku ambayo mti ungekuwa umechanua kabisa. Kisha upande wa Katumba wakaomba tusogeze mbele, kwa sababu walikuwa hawajamaliza matuta. Tukasogeza. Wakaomba tena, miche kwenye vitalu ilikuwa inataka maji asubuhi na jioni na hapakuwa na wa kumwachia. Tukasogeza tena. Mimi nikawa natoka kila asubuhi na kikombe cha chai kuukagua mti. Matawi ya chini yalikuwa yameanza kutoa majani mabichi. Mvua moja kubwa tu ingetosha kumaliza kila kitu.

Mji mzima ulikuwa unaomba mvua, isipokuwa mtu mmoja.

"Mungu atanisamehe," alisema bibi harusi wetu mezani. "Ichelewe mpaka Jumamosi tu."

"Watu wana mashamba," mama alimkaripia, "wewe unazuia mvua kwa ajili ya gauni?"

Wote tukacheka. Hakuna aliyemwambia mama kwamba shida haikuwa gauni. Alijua tu kwamba mjukuu anataka picha na maua, na kwa hilo alijituma kweli. Alimwagilia bogenvilia, akafunga matawi yaliyolala, akayafuta vumbi kwa kitambaa.

Mvua haikuja. Ijumaa ulivuma upepo, na Jumamosi alfajiri, tulipokuwa tunatoka kwenda saluni mjini, uwanja wote ulikuwa zambarau. Binti aliruka pembeni ili asiyakanyage kabla ya wakati.

Tuliporudi, wanawake wa mtaa walikuwa wameshafika kusaidia, kama ilivyo kawaida, kila mmoja na kisu chake na ndoo yake. Na fagio lake. Uwanja ulikuwa mwekundu, mtupu, umechorwa mistari ya fagio iliyopinda vizuri kama magamba ya samaki. Hapakuwa na ua hata moja.

Binti alisimama getini, nywele zimetengenezwa, mdomo wazi. "Bibi, maua yako wapi?"

Mama akaonyesha bogenvilia kwa fahari. "Si hayo? Nimeyafuta moja moja."

"Ya chini, bibi."

"Ya chini si maua, mjukuu wangu. Ya chini ni takataka. Maua yako mtini."

Majirani wakaangua kicheko, lakini binti hakucheka. Alichuchumaa pale pale getini. "Nilitaka nikanyage ya baba," alisema, taratibu, akijitahidi asiharibu wanja.

Mama alitazama juu mtini, ambako hayakuwa yamebaki mengi. Akaegemeza fagio ukutani. Kisha akawageukia wenzake.

"Yako kwenye salfeti, nyuma ya banda la ndama. Nyie mnasimama nini? Yaleteni!"

Ndama alikuwa ameshatoboa mfuko mmoja na alikuwa anatafuna, ua limening'inia mdomoni. Mingine ilikuwa salama. Wanawake wakaanza kumwaga.

"Tangu nizaliwe sijawahi kumwaga taka siku ya wageni," alisema jirani wa nyumba ya pili.

"Tandaza vizuri basi, unamwaga kama pumba za kuku!" mwenzake akamjibu.

"Nani kasema wewe fundi?"

Hapo honi ikalia. Tuliwatarajia mchana, lakini wakwe wa Katumba waliogopa kuchelewa na kosta yao ikafika asubuhi ile. Wa kwanza kushuka alikuwa shangazi wa bwana harusi, amevaa kitenge kipya. Akakuta wenyeji wanakimbizana na mifuko, na uwanja umechafuka kuanzia mlangoni hadi getini. Niliona anatuonea aibu.

"Jamani, mnahangaika peke yenu na sisi ni ndugu?" alisema. Akakaza kitenge kiunoni, akachukua fagio lililoegemezwa ukutani, akainama, akaanza kufagia.

Mama anaumwa magoti na siku hizi hata kanisani huenda kwa bodaboda. Asubuhi ile alikimbia. Akalikamata fagio kwa mikono miwili.

"Acha, mkwe."

"Niache nisaidie tu, mama. Uchafu huu..."

"Si uchafu. Ni maua. Aliyapanda baba yake."

Shangazi wa Katumba akatazama chini, akainua mguu wake polepole. "Basi ngoja na mimi nipite juu yake."

"Subiri," mama akasema, bado ameshika fagio. "Mwenyewe kwanza."

Mwenyewe alitoka mchana, viatu mkononi, miguu mitupu. Maua yalikuwa yamenyauka kingoni, yamechanganyika na nyasi kavu na manyoya ya kuku, na mtini yaliendelea kudondoka machache machache, mengine yakatua kwenye nywele za saluni. Hakuyaondoa.

Mvua ilinyesha Jumapili usiku. Jumatatu mama aliamka mapema kama kawaida yake, nikamsikia anafagia. Nilipotoka nilikuta amefagia uwanja wote mpaka karibu na mjakaranda, akauzunguka, akaacha duara la zambarau lililolowa chini yake. Alikuwa anakung'uta fagio getini, kwenye bogenvilia.