Kidole Kilichomfukuza Kazi Mama Naserian

Nakumbuka Jumamosi niliyomfukuza kazi mama wa watu, mimi nimevaa bukta na mdomoni nina kipande cha ndizi ya kuchoma. Sikuwa bosi. Nilikuwa kidato cha tatu, na shule bado sijamaliza, kwa hiyo usinitafutie mvi. Lakini wewe uko kidato cha kwanza, sweta lako bado ni la kukulia, na mkubwa ni yule aliyetangulia kuumia. Kaa, mwanangu, nikupe.

Mama yangu ni afisa rasilimali watu kwenye shamba la maua chini ya Mlima Meru. Usidhani kazi hiyo ni kukaa kwenye kiti cha kuzunguka na kusaini. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa nani anaumwa, nani kafiwa, nani kajifungua, nani kagombana na msimamizi. Shamba likaongeza mabanda ya waridi, wafanyakazi wakaongezeka, ofisini akabaki yeye yule yule. Meseji za kuomba ruhusa zikawa zinaingia kama kumbikumbi kwenye taa. Alikuwa anajibu huku anasonga ugali. Siku moja mchungaji wetu alimwandikia kwamba hatafika kwenye kikao cha kwaya, Mama akamjibu, "Ruhusa imekubaliwa, leta cheti cha daktari."

Basi uongozi ukamletea programu ya akili mnemba. Inasoma meseji, inazipanga, kisha inaandika jibu la kupendekeza, na jibu haliendi popote mpaka mtu abonyeze "tuma". Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na kweli Mama alikuwa amepata kidole cha pili. Akaanza kulala usingizi wa kueleweka. Akaanza hata kucheka vichekesho vyangu, mpaka nikaingiwa na wasiwasi na afya yake.

Jumamosi hiyo alikuwa anakwenda Kaloleni kwa fundi kupima kitenge. Akaniachia kompyuta ya kazi sebuleni kwetu Elerai.

"Eli, iambie ipange tu. Wagonjwa huku, misiba huku, likizo huku. Usitume hata salamu."

"Mama jamani, hunijui?"

"Nakujua. Ndiyo maana nasema."

Nikapanga. Kazi ikaisha upesi mno, na hapo ndipo shetani anapovuta kiti. Nikaiandikia mashine: nitafutie mtoro sugu. Ikanitafutia. Namba moja ya simu, ya Mama Naserian wa Olmotonyi, ndani ya msimu mmoja ilikuwa imeomba ruhusa ya homa, ya mguu kuteguka, ya mtoto kulazwa, ya kumzika mjomba, na ya homa tena. Nikacheka peke yangu: huyu si mtu, huyu ni wodi! Nikaiambia iandike jibu. Kwa adabu zake zote ikaandika: kutokana na utoro wa mara kwa mara, mkataba wako hautaongezwa msimu ujao. Lilikuwa limenyooka, mkato upo mahali pake. Nikaona namrahisishia Mama. Nikabonyeza.

Kisha nikasahau, mwanangu. Mchoma nyumba alikwenda kucheza mpira.

Jumatatu Mama alifika ofisini akakuta mlangoni gambuti zimeoshwa mpaka zinang'aa, na juu yake aproni imekunjwa vizuri. Mama Naserian alikuwa amerudisha vifaa vya kazi na kuondoka bila kubishana, maana meseji ilikuwa imetoka ofisini, na ofisi unabishana nayo vipi? Asubuhi hiyo hiyo, kwenye mstari wake wa waridi, kina mama kadhaa hawakuonekana, na hakuna aliyetoa taarifa.

Mama akafungua kompyuta, akaiona meseji niliyotuma, akaelewa papo hapo. Wengi wa kina mama wale hawana simu, au wanayo na haina vocha. Akiumwa mmoja, anamtuma mtoto mbio kwa Mama Naserian, naye ndiye anaandika ofisini: naomba ruhusa, homa. Jina la mgonjwa anamtajia msimamizi asubuhi getini, uso kwa uso. Ndivyo walivyozoea, na shamba zima linajua. Mashine haikuambiwa. Mimi sikuuliza. Ile wodi niliyoicheka ilikuwa majirani zake, naye ndiye aliyekuwa anawabeba.

Mama alinifuata shule. Mwalimu wa zamu akamwuliza sababu ya kuniombea ruhusa.

"Msiba," akasema.

Nikanong'ona, "Wa nani?"

"Wako. Tukishafika."

Tulimkuta Mama Naserian kwake Olmotonyi, anakata majani ya ng'ombe. Nikainamisha kichwa aniguse, kama watoto wanavyowaamkia wakubwa huku kwetu. Mkono ulichelewa. Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyousubiri mkono ule.

"Mama Naserian, aliyekufukuza ni huyu," Mama akasema. "Lakini mlango niliuacha wazi mimi. Nimeshamweleza meneja hivyo hivyo. Mkataba wako upo."

Akanitazama kuanzia viatu. "Huyu? Huyu hata ndevu zenyewe bado anaziomba!" Mkono ukanigusa, lakini hakucheka. "Jana nimemwambia Naserian chuo cha misitu kisubiri. Tangu jana hajala. Haya, nenda kamwambie wewe."

Nikaenda nyuma ya nyumba. Naserian alikuwa anamenya ndizi bila kuzitazama. Utani wangu wote ulinikimbia. Nikamwambia mama yako hajafukuzwa, chuo utakwenda, aliyebonyeza ni mimi.

Akaniuliza swali moja tu. "Ulikuwa unamjua?"

Nikasema hapana.

"Haya," akasema, akaendelea kumenya.

Sasa shika haya, mwanangu, hata kama unayapokea kwa mtu asiye na ndevu. Kazi ikikuzidi, chukua mashine. Hakuna anayetupa jembe kwa sababu limemkata mguu. Iache isome, ipange, ikumbushe likizo ya nani imefika, iandike majibu ya kuanzia. Ya Mama siku hizi inauliza kwanza: unajiombea mwenyewe au unamwombea mwenzako? Na magonjwa ya watu hayatembezwi tena mpaka sebuleni kwetu. Lakini neno la kumkatia mtu riziki lisitoke kwenye mashine peke yake. Litoke kwa mtu anayemjua huyo mtu, akiwa ameshamwuliza. Kuuliza si ujinga, na ujinga wa kutouliza umeshauona hapa, umevaa bukta. Mashine ilihesabu meseji sawasawa. Kuhukumu nilihukumu mimi. Mungu akujalie masikio mepesi na kidole kizito.

Tulirudi kwa miguu mpaka tukatokea barabara kubwa. Nikajikaza nikamwuliza kama ile programu sasa ataitupa. Alisema hivi, sipunguzi wala siongezi:

"Ile nitaendelea nayo. Kazi ni nyingi, na yenyewe inafanya ilichoambiwa. Wewe ndiye hukufanya ulichoambiwa. Mungu akukuze, baba, na akukuze upesi."