Kuku wa Mpatanishi

Nilikuwa na wivu. Naanza na hilo nisije nikazunguka.

Nilizaliwa ng'ambo moja ya mto nikaolewa ng'ambo ya pili, kule Kishapu, ambako mto huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi. Vijiji vyetu viwili viligombea ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Mshale ukaua kijana wa kwetu nilikozaliwa, mwingine ukajibu, na kwa miaka sita hakuna mwanamume aliyethubutu kuvuka. Nilivuka mimi, maana mwanamke aliyeolewa ng'ambo halengwi. Nilibeba maneno ya wazee huku na huku, na yenye matusi niliyapoza njiani. Kila nilipovuka nilimwona mama yangu, aliyekuwa amepofuka. Kwa ajili yake ningebeba hata mawe.

Kwetu mwenye kusuluhisha hali cha upande wowote mpaka maneno yaishe. Hutembea na michembe yake, viazi vilivyokaushwa, na maji yake kibuyuni. Akila kwa mtu, keshamhukumu yule mwingine. Mimi niliruhusiwa cha chungu changu mwenyewe tu, na kwa miaka yote hiyo sikuonja hata uji wa mama yangu mzazi, naye alikuwa akiusogeza kando bila kuninung'unikia.

Baada ya mavuno ya pamba mwaka mmoja, wazee walibakiza kidogo tu kukubaliana. Ilikuwa kazi yangu hiyo. Ndipo tukaambiwa serikali inamleta mpatanishi, Mzungu aliyekwisha kupatanisha watu waliouana miaka na miaka katika nchi za mbali. Njia zikafagiwa. Wanaume walionitania kuwa mimi ni mguu na njia wakaanza kumsifu mtu ambaye hawajamsikia hata akikohoa.

"Sasa utapumzika," mume wangu akaniambia. "Amekuja mwenye kazi yake."

Alidhani ananifurahisha. Nilikereka hata ugali ukanishinda.

Mgeni alifikia kwetu kwa sababu nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na bati. Nikaambiwa nipike kuku. Wanaume wa kijiji walijua desturi kama nilivyoijua, lakini walinyamaza. Walitaka mgeni awe wa upande wao. Mimi nilikuwa na sababu yangu.

Mkalimani wake, karani kijana kutoka Bukoba, alikuja jikoni kuku akiwa bado anatokota.

"Shikamoo, mama. Bwana anauliza, kuna desturi yoyote tuijue kabla ya kesho?"

Swali hilo liliniuma kuliko sifa zote, kwa kuwa lilionyesha kwamba yule mtu aliijua kazi. Angekuwa mjinga ningemhurumia. Niligeuza kuku kwenye chungu.

"Marahaba. Hakuna, baba. Kuleni."

Kesho yake wakakutana mchangani, katikati ya mto. Mzee wa ng'ambo akamsalimu mgeni vizuri, kisha akamuuliza jana alikula wapi. Mzungu akajibu kwa furaha kupitia mkalimani: alikula kwa mama yule pale, na kuku alikuwa mtamu sana. Kaka yangu, aliyekaa mbele pamoja na wazee wake, akageuka kunitazama. Wakainuka wote, hawakugombana na mtu, wakapanda ukingo kwenda kwao. Mgeni akabaki anamuuliza mkalimani kumetokea nini. Sitadanganya, kwa kitambo kidogo nilifurahi.

Mgeni aliporudi mjini Shinyanga, nilingoja wazee waniite tena. Nilijua hawana mwingine. Ukapita mwezi, ukapita wa pili. Kiangazi kilipokaza, asubuhi moja nikasikia vilio ng'ambo, nikateremka mbio. Mpwa wangu alisimama mchangani na upinde wake, na macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

"Ni bibi," akasema. "Lakini baba anasema, shangazi, aliyempikia mpatanishi ana upande. Rudi."

Nilimsihi. Akalia pamoja nami, wala hakunipisha. Nikakaa palepale chini mpaka majembe yaliponyamaza, nikajua wamemaliza kumzika.

Ugomvi ule uliendelea miaka mingine mingi. Wazee wa kwetu wakiusimulia, husema yule Mzungu alishindwa kwa sababu aliingia kwa watu bila kuuliza desturi zao. Wasikilizaji hutikisa kichwa, nami nikiwapo hunyamaza.

Aliuliza. Aliniuliza mimi.