Kadi za Kiingereza Tulizoandika na Papa Faustin

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Yangambi kando ya mto, niliingia shuleni viatu mkononi kwa sababu ya tope la bandarini. Préfet, yaani mkuu wa shule, alitazama miguu yangu kwanza, karatasi zangu baadaye. Kisha akafungua kabati na kunionyesha kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada.

"Bon, madame, dictionnaire iko hii moja tu. Haitokake mu bureau yangu. Unataka neno, unakuja hapa, unakopia."

Basi nikawa mwalimu wa kukopia. Kila neno nililitengea kadi, niliyoikata kwenye makatoni ya chaki. Juu niliandika neno, katikati maana zake, na chini niliacha mstari wa asili, yaani mahali neno lilipozaliwa. Mstari huo ulinishinda. Aliyeuweza ni Papa Faustin, mwalimu wa Kilatini, mtu mwembamba asiyejua kunyamaza. Aliushika kama shamba lake.

Chukua neno plant. Watoto wa wafanyakazi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha pale walijua ni mmea. Nilipowaambia kwamba ni kiwanda pia, walinicheka. Papa Faustin akaandika chini: kwa Kilatini, planta ni chipukizi, na vilevile ni wayo wa mguu, huenda kwa sababu mpandaji hushindilia udongo kwa mguu. Kisha akaingia darasani kwangu bila hodi, akavua kiatu, akakanyaga sakafu kwa nguvu ili wote waone. Neno hilo hawakulisahau.

Match alilipenda kupita yote. Ile ya kiberiti ilipitia Kifaransa, mèche, utambi. Ile ya mpira ina ukoo wake mwingine kabisa.

"Ni batu mbili ba mbali," alisema, "banavaa chemise moja," yaani shati moja.

Baadaye tulihamishiwa Kisangani, kwenye shule moja ya Mangobo, yeye kwanza, mimi baada ya mwaka. Nilimfikishia rundo la kadi zenye mstari mtupu. Alizijaza kwa wiki moja, huku akiusema vibaya mwandiko wangu. Inspekta wa Kiingereza alipokuja, alipekua sanduku zima tulimoziweka kadi.

"Alors, nani alibatuma mufanye hii?"

Hakuna aliyetutuma. Nilikuwa mjane, naye mjane, na nafasi yote tuliyokuwa nayo tuliitumia kuzungumzia maneno. Sikumwambia kamwe kwamba nilikuwa nikifika kazini mapema ili nimkute. Alifariki kabla sijastaafu, na hadi leo najilaumu.

Kwetu mtu hastaafu bila remise-reprise: anayetoka na anayeingia wanapitia kila kitu mbele ya mkuu, wanakiandika kwenye orodha, wanasaini. Kilichoandikwa ni cha shule. Zamu yangu ilipowadia, Préfet wa Mangobo akafika kwenye sanduku la kadi.

"Mama, hii iko ya nani? Ya école ao yako? Kama ni yako, ubebe tu."

Nyumbani sikuwa hata na barua moja ya Papa Faustin. Mwandiko wake wote ulikuwa mle. Nilitaka kulibeba, nilitaka sana. Lakini Madame Clarisse, aliyekuja kushika nafasi yangu, alisimama pale na daftari tupu, na kamusi shuleni haikuwepo.

"Ya école," nikasema, nikasaini. Nilikwenda nyumbani kwa miguu, nikilia, wenye pikipiki za abiria wakiniita bure.

Nilivumilia miezi kadhaa, kisha nikarudi kumwona Clarisse. Nikamwomba aniazime kadi kumi, Ijumaa hadi Jumatatu.

"Mama, hizi ni zenu!"

"Hapana, mwanangu. Ni za école. Lete cahier, nisaini."

Akacheka, akaleta daftari. Tangu hapo kila Ijumaa nasaini kama mwanafunzi. Clarisse ananiambia asili za maneno siku hizi ziko kwenye simu, na ni kweli, nimeziona, zimeandikwa vizuri kuliko zetu. Mimi nazipanga kadi mezani, nasoma mstari wa chini peke yake, polepole, na ninamtamani mtu yule. Jumatatu asubuhi nazirudisha zote kumi, kwa sababu watoto wana somo saa ya kwanza.