Siku Niliyokamua Maji kwa Miguu

Mpaka leo nikipita Nyakakika naangalia chini, maana wapo wanaokumbuka, na nisipoyasema mwenyewe mtayasikia kwao yametiwa chumvi (ingawa chumvi yake inatosha).

Enzi za Mwingereza nilikuwa boi pale Nyakakika kwa Bwana Rwegoshora, mnunuzi wa kahawa kutoka Bukoba. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikaja kwake na wadogo zangu wawili, akatupa kibanda cha nyuma kwa sharti moja: "Siku ukiniharibia, mnatoka wote." Wajomba walikuwa wameshawagawana, huyu kwako, huyu kwangu, kibanda kile ndicho kilichotuweka pamoja.

Bwana alikuwa na bafu la mvua: pipa juu ya miti minne, bomba, kopo lenye matundu, na ukuta wa majani ya migomba. Siku ile wageni walikuwa njiani kuja kumposa binti yake, naye Bwana yumo bafuni amejipaka sabuni mwili mzima, maji yakaanza kudondoka tone tone.

"We Kamugisha! Haya ni maji au jasho la pipa?"

Ningezibua bomba kwa kijiti, mambo yakaisha. Lakini nikawaza, ndizi za rubisi, ile pombe yetu, zikigoma kutoa maji, si huwa tunazikanyaga? Basi nikapanda, nikalaza mfuniko wa mbao ndani ya pipa juu ya maji, nikasimama juu yake, na kweli yakafoka.

"Hapo hapo! Ongeza!"

Nikaongeza, nakanyaga na wimbo wa kukamulia juu yake, mara mti mmoja ukalia kwaa, na wakati huohuo kanzu nyeupe zikaingia uani.

"Shikamooni!" nikawaamkia kutoka juu, miguu ikiendelea. "Bwana, wageni! Nishuke?"

"Usiache! Sabuni iko machoni!"

Nikabaki. Mti wa pili ukakatika.

Pipa, ukuta na mimi tukafika chini pamoja. Bwana akabaki wima, mweupe kwa povu, amejiziba kwa lile kopo (lenye matundu, kumbukeni).

Mzee wa posa akageuza uso. "Tumeshaonana, mkwe. Vaa sasa tusalimiane."

"Kamugisha," Bwana akasema bila kunitazama, "kawaite wadogo zako."

Niliwaleta, mdogo wa mwisho alikuwa amesikia kishindo, ameshafunga nguo zetu kifurushi.

"Furushi la nini? Shikeni vibuyu, mtoni mbio, mje mnisuuze!"

Posa ilipokelewa, nasi tukabaki. Pipa halikupandishwa tena. Nami niliapa: bomba likidondosha, nitaoga tone kwa tone hadi jioni, lakini miguu yangu itabaki chini.