Maji ya Nyogokuru

Nilipokuwa mtoto, pale mtaani Muhima, nilipewa kazi ambayo watoto wenzangu hawakuwa nayo: kuhakikisha paji la uso la mdogo wangu halikauki mafuta. Asubuhi nampaka, mchana nampaka, akitoka jasho nampaka tena, na wenzangu uani wanacheka, eti Sibo mnataka kumkaanga? Hawakujua. Au walijua, ndiyo maana walicheka wakiwa mbali.

Tulimpaka ili maji yateleze. Maji ya Nyogokuru, bibi yetu mzaa baba.

Ngoja nieleze vizuri, maana habari hii nikiianza huwa nakimbia, mume wangu hunishika mkono aniambie polepole, hakuna anayekufukuza.

Nyogokuru alitujia mwanzoni mwa 1993, akikimbia vita vya kaskazini, ana mkeka, ana chungu, ana medali ndogo shingoni iliyolika hata huoni tena ni sura ya nani. Alikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza kusoma dini kwenye kilima chao, ndicho kijiji chao. Siku hizo, alituambia, waliokwenda kwa mapadri walikuwa yatima, wajane na watu wasio na ng'ombe. Wenye heshima zao walikaa kando wakingoja kuona wazungu hao watachoka lini. Padri akawafundisha wasichana jambo moja. Ukikuta mtoto anakata roho, mmwagie maji pajini, sema maneno ya ubatizo, umempa mbingu. Usimwambie mama yake, atakataa. Basi wakawa wanaingia nyumba za wagonjwa na kitambaa kibichi kwapani, wanajifanya wanampangusa mtoto homa, wanakamua matone matatu, maneno wanayasemea kooni.

"Na watoto?" nilimuuliza.

"Walikufa. Si walikuwa wanakufa?"

Lakini watu wa kilima hawakuona hivyo. Wao waliona kwamba kila aliyeguswa na msichana wa medali alizikwa siku ya pili. Dini iliingia hivyo kwao, ikifuatana na jeneza. Akina mama wakaanza kuwapaka watoto siagi ya ng'ombe usoni ili maji yasishike, na wakiona medali inapanda njia wanafunga mlango. Nyogokuru alisimulia haya akichambua maharage, akicheka kwa meno yake mawili, nami nikacheka. Mama alikuwa kwenye jiko la mkaa. Hakucheka. Jioni ile alitoka, akarudi na kopo kubwa la mafuta ya kupaka.

Mama hakuwa mshamba, alikuwa karani, alisoma. Ila alikuwa ameona. Kinyozi mzee wa chumba cha mwisho aliumwa, Nyogokuru akaingia kumpa pole, akatoka anakunja kitambaa, na kabla jua halijazama tukasikia vilio. Kisha kichanga cha mwuza nyanya, surua, kitambaa, kilio. Baada ya hapo watu walimsalimia Nyogokuru kwa adabu sana, adabu ile ya kumpisha mtu njia.

Mama Zaituni peke yake ndiye aliyesema. Alikuwa fundi cherehani, jirani yetu ukuta kwa ukuta, na mdomo wake haukuwa na mfuniko. "Bibi," alimwambia mbele ya watu, "wangu ni Waislamu, wanatawadha wenyewe. Kitambaa chako kipitishe mbali!"

"Wako sina shida nao, mwanangu," Nyogokuru akajibu.

Watu wakaangua kicheko, halafu kikakatika. Maana kila mtu alijiuliza, basi ana shida na nani?

Alikuwa na shida na Sibo. Na Sibo hakuwa mgonjwa! Alikuwa anakaribia miaka mitatu, mashavu hayo, anapanda kila kinachopandika. Ila hakuwa amebatizwa. Baba alichukuliwa na askari Oktoba 1990, mama akiwa na mimba ya Sibo, na wengine waliochukuliwa siku zile walirudi lakini yeye hakurudi. Mama akamwita mtoto Sibomana, yaani si wao walio Mungu, na akaapa kwamba hatabatizwa mpaka baba yake arudi amshike mwenyewe kanisani. Kumbatiza bila baba kungekuwa kama kuweka sahihi kwamba baba amekufa. Hilo nililielewa hata kwa utoto wangu, ndiyo maana sikumwuliza kamwe.

Mwaka ukageuka. Mabomu ya mkono yakawa yanarushwa sokoni, majirani wawili wakaacha kutuitikia salamu, redio ikawa inasema mambo ambayo mama aliyazima nikiingia. Na Nyogokuru akaacha kuwatazama wagonjwa, akawa anamtazama Sibo. Anamtazama akila, anamtazama akilala.

"Mama, mtoto ni mzima," mama alimwambia siku moja. "Unamtakia nini mtoto mzima?"

"Mimi siiti kifo, mkwe wangu. Kipo njiani. Nataka tu nikitangulie."

"Baba yake atarudi."

Nyogokuru akaigeuzageuza medali shingoni. Alikuwa mama yake huyo baba. Sikuwaza hilo wakati ule, nawaza sasa.

Ilikuwa Machi 1994, asubuhi, mama ameshuka sokoni Nyabugogo kutafuta unga. Nyogokuru akaniambia nikateke maji bombani. Nikaona ndoo imejaa. Nikasema, "Ndoo imejaa, Nyogokuru." Akasema basi nikacheze. Hakuwahi kuniambia nikacheze. Nikatoka, nikazunguka nyumba, nikachungulia dirishani: amemkalisha Sibo mapajani, anampangusa paji la uso kwa pindo la kanga, taratibu, anaondoa mafuta yangu. Sibo anacheka anafikiri ni mchezo. Na pale kwapani, kitambaa, kinachuruzika mpaka kiunoni.

Sikumbuki kuingia. Nakumbuka nimemshika Sibo mguu na Nyogokuru amemshika mikono, tunavutana, mtoto analia, na bibi yangu ananisihi kwa sauti ndogo kama mtu anayeogopa kusikika barabarani, "Niachie, matone matatu tu, mjukuu wangu, niachie." Nilimuuma kidole. Ndiyo, nilimuuma bibi yangu. Akaachia, nikambeba Sibo mbiombio kwa Mama Zaituni, tukajikunyata chini ya meza ya cherehani, nami nampangusa kichwa chote kwa gauni langu, kila mahali, isije ikawa tone moja limemfikia. Alikuwa mkavu.

Nyogokuru alikuja akasimama mlangoni. Nilidhani atanilaani. "Umenishinda," alisema. "Haya, mshike vizuri basi."

Mama aliporudi nikamweleza yote. Alinikumbatia mpaka nikaumia, akanipa mandazi mawili, akasema nimemwokoa mdogo wangu. Sijawahi kujivunia kitu kama siku ile.

Aprili ikaja. Sitaisimulia. Mama Zaituni aliweza kuficha mtoto mmoja tu katikati ya binti zake, mmoja, mkubwa wa kuweza kutulia kimya, akanifunga mtandio. Wa kwetu wengine wote watatu walibaki upande ule wa ukuta, hawakutoka hai.

Baadaye shangazi alinichukua akanipeleka Bukoba, nikasoma sekondari huko, nikarudi, nikaolewa. Nilimuuliza padri mmoja habari ya Sibo, ikiwa nilimnyima kitu. Akaniambia Mungu hafungwi na maji. Namwamini. Kuna siku namwamini kutwa nzima. Lakini kuna saa nasikia ile "niachie", na najua sasa kwamba bibi yule hakuwa akimtakia mtoto mabaya. Alikuwa amejifunza utotoni namna moja tu ya kumsaidia mtoto ambaye huwezi kumwokoa, na akaitumia. Alikuwa amekwisha kuona kwamba hatuwezi kumwokoa. Mama hakutaka kuona. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa na meno. Sote tulikuwa tunamvuta mtoto mmoja atoke hatarini, kila mtu kwa upande wake, na hatari ikaja kwa upande ambao hakuna aliyeushika.

Sasa nina binti wa miezi minne. Mume wangu alisema tungoje Pasaka, familia zote zije, nikasema hapana, akasema basi mwezi ujao, nikasema hapana, akanitazama akaenda kuongea na padri. Tumembatiza Jumapili iliyopita. Alilia kidogo, akanyamaza. Wenzangu wote walikuwa wanatazama maji. Mimi nilikuwa natazama mlango.