Mdalasini Ulioungua Mpika

Msimu wa kubandua mdalasini ukifika, kijiji chetu cha Kinole kizima kinanukia chai. Wageni wanavuta pumzi, wanasifia. Mimi natafuta kibarua upande wa mananasi.

Shule niliishia la sita, jiografia msiniulize, ila Zambia nimefika. Nilikuwa na miaka tisa. Baba, dereva wa lori, alilazwa hospitali ya mji wa Mpika kwa malaria, akapiga simu: "Mama Shabani, niletee mdalasini wa kwetu. Chai ya huku kama maji yaliyooshea vyombo." Mama akafunga magome kwenye kanga, tukapanda basi mpaka Tunduma, tukavuka kuingia Zambia.

Tulifika baba ameshafariki jana yake.

Alitupokea Mama Chanda, aliyekuwa akiwapikia madereva. Kiswahili alikiokota kwao. "Pole, dada. Kuleni kwanza." Akaleta ugali mweupe na viwavi. Ndiyo, viwavi! Hawa hawa tunaowaponda shambani, kule wamekaushwa, wamekaangwa na nyanya.

Mama hakugusa. Mimi kilio nilikitafuta sikukiona, nilichokiona ni njaa. Nikala. Wanatafunika kama dagaa wanene. Nikaomba tena. Msiba wa baba yangu mzazi, na mwenzenu nalamba vidole.

Mama Chanda akadhani mama anaogopa viwavi. "Ngoja dada, nikupikie kuku." Mkaa ulikuwa unazimika. Akaona kifurushi cha magome makavu mlangoni, akayasukumia yote jikoni. Kwake gome kavu ni la kuwashia moto, basi.

Uwanja mzima ukanukia nyumbani. Ikawa kama asubuhi za kwetu, baba na singlendi yake, anapuliza kikombe.

Mama, ambaye tangu hospitali hakuwa ametoa chozi, akakaa chini kwenye vumbi, akalia mpaka sauti ikakauka. Mama Chanda mikono kichwani: "Nimefanya nini mimi, jamani?"

Nami, mdomo umejaa, nikamwambia mama: "Usilie. Mdalasini si tunao nyumbani, miti mizima?"

Nilijiona nimembembeleza kweli. Hata nikashangaa mbona kilio kimezidi. Nilikuja kuelewa nimeshakuwa na wanangu wa kuwapikia chai: miti ilikuwepo, aliyeagiza ndiye hayupo.

Kijiweni naisimulia sana safari hii. Watu wanashika mbavu kwa viwavi, nami nacheka nao.

Sehemu ya moto huwa nairuka.