Nilitaja Tusi la Baba Mkwe, Nikaficha Sufuria

Jumatatu iliyopita daktari alimwambia mume wangu kwamba baba yake hana wazimu, na kwamba tusi linalomtoka mdomoni halitoki kwa kupenda kwake. Mume wangu aliniletea maneno hayo jikoni. Nilikuwa nakoroga uji, nikaendelea kukoroga.

Nina miaka ishirini na sita. Nilizaliwa karibu na Suneka, nikaolewa Nyansiongo mwaka 1992. Nina binti mmoja ambaye hajatimiza miaka miwili. Naomba ukurasa huu ufiche jina langu.

Kiharusi kilimpata baba mkwe mwezi wa tano akikamua ng'ombe. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakapotea. Huyu ni mzee wa kanisa ambaye sikuwahi kumsikia akimtukana hata ng'ombe aliyemwaga maziwa. Alipotoka hospitalini alikuwa amebaki na vitu viwili. Cha kwanza ni nyimbo za kanisa: Ijumaa jioni tukifungua Sabato aliimba ubeti baada ya ubeti bila kukwama. Cha pili ni tusi moja la mwili wa mwanamke, ambalo siwezi kuliandika hapa. Akitaka maji, analisema hilo. Akitaka fimbo yake, hilo hilo. Kisha anafunika mdomo kwa mkono wa kushoto.

"Mtu anayeimba wimbo mzima anashindwaje kusema samahani?" mama mkwe aliuliza. Sote tuliona ana hoja.

Wasio wa kwetu waelewe jambo moja. Sisi Wagusii tuna chinsoni, heshima ya kuoneana haya. Baba mkwe hatamki neno la aibu mbele ya mke wa mwanawe, wala havuki kizingiti cha nyumba ya mkwe huyo. Tangu augue, mimi nilikuwa nikikaa mbali naye ili lile neno lisinikute.

Mwezi wa nane nilibandika sufuria ya uji mekoni, nikamwacha mtoto amelala kwenye mkeka karibu na meko, nikaenda kwenye ua kuzungumza na jirani. Tulizungumza sana. Ghafla tukamsikia mzee akilipaza lile neno kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Jirani alishika kifua. "Ee! Huyo ni baba mkwe wako? Anakuita wewe hivyo?"

"Hebu nyamaza," nilimwambia, lakini alikuwa tayari anacheka.

Nilikimbia nyumbani. Mzee alikuwa ndani ya nyumba yangu, amepiga magoti. Fimbo yake ilikuwa nje. Uji ulikuwa umemwagika sakafuni, mtoto analia nyuma ya mgongo wake, mkavu, hana hata tone mwilini. Mkono wa kushoto wa mzee, ule mzima, ulikuwa umefunikwa na uji wa moto hadi kiwiko. Aliisukuma sufuria upande wake ili isimwangukie mtoto. Alinitazama, akalisema lile neno tena, taratibu, machozi yakimtoka.

Nilielewa papo hapo. Hata hivyo nilimwambia, "Tata," yaani baba, "toka kwangu!"

Mume wangu aliporudi, jirani alikuwa ameshalitangaza neno hadi sokoni. Mume wangu aliniuliza kama ni kweli. Nilijibu kwamba baba yake aliingia nyumbani kwangu na akanitamkia tusi. Yote mawili ni kweli. Sikuitaja sufuria. Ningeitaja, ningeulizwa mtoto alikuwa na nani.

Wanaume wa ukoo walikaa. Mzee alihamishiwa chumba cha kando ya zizi. Chakula anawekewa mlangoni. Mjukuu hapelekwi kwake, mama mkwe amehamia kwa mwana mkubwa, na waliokuwa wakipita kumsalimu wameacha. Mwanzoni nilimsikia akiimba Ijumaa. Siku hizi haimbi.

Alipelekwa kwa daktari kwa sababu ya mkono, alioficha chini ya koti hadi ukaanza kutoa usaha. Daktari alieleza kwamba kiharusi kiliharibu upande wa kushoto wa ubongo, ule unaopanga maneno. Anajua anachotaka kusema, ila njia ya kukifikisha mdomoni imekatika. Nyimbo na matusi hupita njia nyingine, ndiyo maana hutoka yenyewe.

"Anaelewa tunayosema?" mume wangu aliuliza.

"Karibu yote. Na maneno hurudi kwa kuongeleshwa kila siku. Mkimwacha kimya, hata machache yaliyobaki yataondoka. Nani anaongea naye nyumbani?"

Halafu daktari akauliza mkono uliungulia wapi. Mzee alifungua mdomo, akaufunga, akageukia ukuta.

Jioni hiyo swali lilinifikia mimi. "Mama mtoto, Tata aliungulia wapi?"

"Sijui," nilisema. "Labda kwenye moto wake."

Hajawashiwa moto tangu ahamishwe.

Binti yangu ameanza kuongea. Kila akiiona ile sufuria husema "sokoro", yaani babu. Mume wangu hucheka, akidhani anamkumbuka tu.

Nikisema ukweli, nitakuwa mke aliyemwacha mtoto na moto, kisha akamsingizia mzee aliyemwokoa. Naweza kurudishwa Suneka bila mtoto. Nikinyamaza, mzee atamaliza maneno yake kando ya zizi akiwa ananisikia nikipita na ndoo ya maziwa. Nimewahi kusimama mlangoni pake nikitaka kumwomba msamaha. Sikubisha.

Wana wote walioko Nairobi watakuwa nyumbani Krismasi. Wazee wa ukoo wataketi tarehe ishirini na saba Desemba, saa nne asubuhi, kuamua kosa lake na utakaso wake. Mzee ataletwa asikilize. Mimi ndiye nitakayeulizwa kwanza. Wasomaji, nishaurini kabla ya siku hiyo: nifanye nini?